Koni jukwaani: mapitio ya mitambo ya video tuliyonunua kwa kikundi chetu cha maigizo, Mwanza

Mama mchuuzi wa dagaa amepiga magoti. Ameambiwa sasa hivi kwamba mtumbwi wa mwanawe umekutwa unaelea upande wa Ukara, hauna mtu. Nyuma yake, kwenye tanga la mtumbwi tulilolifanya skrini, taa za wavuvi zinazimika moja moja mpaka giza. Ukumbi wote wa ile shule ya Kirumba umetulia, unasikia feni tu. Halafu kwenye lile giza ikatokea koni. Koni ya barabarani, rangi ya chungwa, na mistari yake myeupe, kubwa kama mlango. Mtoto wa safu ya mbele akauliza kwa sauti: "Mama, wanatengeneza barabara?"

Aliyekuwa nyuma na laptopu ni mimi. Nilikuwa nachezesha video kwa VLC, programu ambayo sina ugomvi nayo, inafungua faili lolote utakaloipa. Ila video ikiisha na hakuna nyingine inayofuata, inarudi kwenye alama yake, na alama yake ni koni. Na video ikianza, inaandika jina la faili chini ya picha. Kwa hiyo kabla ya koni watu walishasoma "ziwa_usiku_FINAL_mpya2".

Mwongozaji wetu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na sisi wote tunamwita Mwalimu. Hakunigombeza. Alisubiri watu watoke, nikamwamkia shikamoo kwa aibu mara ya pili siku hiyo hiyo, akaniuliza: "Baba, kile kidude chako kinauzwa shilingi ngapi, tununue kingine?"

Nijieleze kidogo. Mimi ni mpiga video wa harusi. Miaka 11 sasa, sendofu, kicheni pati, kipaimara, kutoka Buzuruga mpaka Nyegezi. Kazi ya harusi imenifundisha tabia moja mbaya: kosa la leo nalirekebisha kesho, bibi harusi anapewa flashi yake baada ya wiki tatu na haoni kitu. Jukwaani nikakuta watu wananisubiri mimi niwafuate wao, kwa nukta, kila usiku, na kila usiku wanasema maneno yale yale kwa mwendo tofauti. Mfuko wa kikundi ulikuwa na shilingi 3,600,000. Haya ninayoandika ni jinsi zilivyotumika, baada ya miezi minane na maonyesho 14.

Kwanza projekta, maana ndiko tulikopigwa.

Duka moja mjini lilituuzia kitu cheupe, saizi ya mkate, boksi limeandikwa lumeni 9,800, lumeni ni kipimo cha mwanga. Shilingi 480,000. Dukani, mapazia yamefungwa, kilionyesha mpira vizuri sana. Tukakipeleka ukumbini, kijana wetu wa taa akawasha taa mbili tu za jukwaa, picha ikapotea kama chumvi kwenye maji. Nilirudi dukani nikaambiwa tatizo ni kitambaa chetu. Basi, somo hilo mlichukue bure: lumeni za kwenye boksi zinaweza kuandikwa na yeyote. Zinazoaminika ni zile zilizopimwa kwa utaratibu wa ANSI au ISO, ambapo mwanga unapimwa sehemu tisa za picha kisha unachukuliwa wastani. Kama boksi lina namba kubwa tu, na neno ANSI au ISO halipo, iache hapo hapo.

Ya pili tuliipata kwa mtu aliyekuwa anafunga ofisi: Epson ya lumeni 3,600, imetumika, shilingi 1,100,000. Mkononi namba ni ndogo kuliko ile ya kwanza, ukutani ni kama mchana na usiku. Picha yetu ina upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.25, yaani mita za mraba 9. Gawanya 3,600 kwa 9, unapata lumeni 400 kwa kila mita ya mraba, na hapo taa ya projekta iwe mpya. Yetu si mpya. Ndiyo maana mwigizaji akisimama karibu na tanga, akamulikwa kutoka mbele, mwanga wake unamwagika kwenye picha na kuiosha. Tuliwasogeza waigizaji mita 2 mbele ya tanga na taa zikahamia ubavuni. Haikutugharimu hata mia, na ilisaidia kuliko lumeni elfu moja za kununua.

Pimeni ukumbi kabla ya kununua. Lenzi ya kwetu inataka umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha: mita 4 za upana, mita 6 za umbali. Kwetu mita 6 zinaangukia katikati ya safu ya tatu na ya nne, kwa hiyo projekta imening'inizwa kwenye kenchi, juu ya vichwa vya watu. Feni yake inasikika. Wanaokaa chini yake wanalipa kiingilio kile kile, lakini mimi ningeomba punguzo.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenigusia, na ndilo lililonisumbua kuliko yote. Mchezo wetu unategemea giza. Nililipiga ziwa usiku kutoka kwenye mtumbwi, upande wa Igombe, wakati wavuvi wa dagaa wako kazini. Zamani walikuwa na karabai, siku hizi wengi wana taa za sola, lakini sura ni ile ile: giza tupu, na vijitaa kama mji unaoelea. Picha nzuri, jamani. Kwenye kompyuta yangu Mwalimu aliiangalia akanyamaza muda mrefu. Kwenye tanga ikawa ya kijivu. Projekta ya aina hii haijui kutoa giza, inajua kuzuia mwanga, na haizuii wote. Hata ukibonyeza kile kitufe cha kuficha picha kwenye rimoti, bado kuna mstatili hafifu pale nyuma, na mtazamaji anajua kwamba kuna kitu kinakuja. Dawa yangu ni gamba la boksi la biskuti lililofungwa kwa uzi, sentimita 15 mbele ya lenzi, usiligusishe maana kuna joto. Kijana wa taa anavuta uzi, giza linakuwa giza kweli. Tumeshanunua mitambo ya milioni tatu na kitu, na kifaa ambacho Mwalimu anakisifia kwa wageni ni boksi la biskuti.

Na giza lina adui wa pili: ngazi. Ukiibana video kwa H.264, ubanaji ule wa kawaida wa simu na intaneti, ili faili liwe dogo, anga la usiku linagawanyika mistari mistari, kama ngazi za kupanda Bugando. Hapo ndipo niliposhika jembe na kujifunza habari za kodeki, yaani njia za kubana na kuhifadhi video, kitu ambacho kwenye harusi sikuwahi kukijali. H.264 haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi moja kamili, zinazofuata inasimulia tu kilichobadilika. Kwa simu na intaneti ni akili nyingi. Kwa jukwaa ni mzigo, kwa sababu ukibonyeza, mashine inaanza kujumlisha masimulizi kabla ya kukuonyesha kitu, na yale masimulizi gizani yanakosewa. ProRes, kodeki ya Apple, inahifadhi kila fremu, yaani kila picha, peke yake. Unalipa kwa nafasi: ProRes 422 ya 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, inakula megabiti 122 kila sekunde. Klipu ya sekunde 40 ni kama megabaiti 610. Mchezo wetu una dakika 11 za video, hazifiki gigabaiti 11. Nani leo hana gigabaiti 11?

Ngazi zilizobaki niliziua kwa chenga, zile punje punje za picha iliyopigwa gizani. Nilifunika lenzi ya kamera, nikapandisha ISO ya kamera, yaani wepesi wake wa kuona gizani, mpaka juu, nikarekodi dakika moja ya chenga, nikazilaza juu ya picha ya ziwa kwa hafifu sana. Jicho linaona anga laini. Dada wa mavazi aliniambia siku hiyo maji yalionekana "yana ubaridi". Sikumweleza ni chenga.

Mashine ya kuchezeshea ni Mac mini ya M1, ile iliyotoka mwishoni mwa 2020, memori GB 8, tumeinunua iliyotumika kwa shilingi 1,150,000. Niseme ukweli, nilikuwa siipendi Apple, naiona ya watu wa Capri Point. Nilikubali kwa sababu ya programu moja, QLab, ambayo haipo kwenye Windows. Ni ya Mac tu. Unapanga ishara zako kwa orodha, video, sauti, kufifisha, kusubiri, na onyesho likianza kazi yako ni kibao kimoja kirefu cha nafasi. Mwigizaji akisema neno lake, unabonyeza, ishara inaondoka, inayofuata inajiweka tayari. Unaweza kuiambia video ikifika mwisho ibaki kwenye fremu ya mwisho, isiondoke. Hakuna koni. Mambo yakiharibika kuna Esc, inafifisha kila kitu taratibu kama vile ulikusudia. Nimeitumia mara mbili. Hakuna aliyejua, mpaka leo mnaposoma hapa.

Toleo la bure la QLab lilitufikisha mbali. Kilichotulazimisha kulipa ni tanga. Mwalimu alikataa skrini, alitaka tanga halisi la mtumbwi kutoka Ukerewe, lenye viraka, na tanga halina pembe nne sawa. Ili kuvuta pembe za picha zikae kwenye kitambaa ilibidi tuwe na leseni. Wanakodisha kwa siku, hivyo tunakodi siku za maonyesho tu, nalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Nyuma ya tanga tumeshona marekani ili mwanga usipenye. Viraka vinaonekana ndani ya picha ya ziwa na mimi nimeacha kulalamika, vinapendeza.

Kama Mac haiwezekani, msikate tamaa. Kabla ya kuipata tulicheza miezi miwili kwa OBS kwenye laptopu yangu ya Windows. Watu wanaijua kwa kurusha matangazo mubashara, lakini ukiunda tukio moja kwa kila klipu, ukaipa kila moja kitufe chake, na ukatoa picha kamili kwenye projekta, inafanya kazi, na unaweza kuiagiza isionyeshe chochote klipu ikiisha. Ni bure kabisa. Ilianza kunichanganya tulipofika ishara 17, sauti ya mvua inaendelea huku picha inabadilika, vidole vyangu vikawa kama vya mpiga kinanda wa kwaya. Kwa mchezo wenye ishara tano au sita ningekaa nayo. Zimeni tu taarifa zote za Windows, kulala kwa kompyuta na masasisho yake. Sisi tuliwahi kupata onyo la antivairasi katikati ya sala.

Kuhariri nitapita haraka, kwa sababu sikununua kitu. Kila kikundi ninachokutana nacho kinataka kuanza na kompyuta kubwa ya kuhariria. Ya nini? Mhariri akichelewa, anachelewa yeye peke yake usiku nyumbani kwake. Natumia mashine yangu ya harusi, memori GB 16 na kadi ya picha ya GTX 1660, na programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure. Toleo la bure linatoa mpaka 3840 kwa 2160, kubwa kuliko projekta yetu inavyoweza kuonyesha. Lile la kulipia ni dola 295 mara moja, na kitu pekee ninachokionea wivu ni kupunguza chenga kwenye picha za usiku, ambacho cha bure hakina. Ndiyo, ndiyo, kwanza napunguza chenga kisha naziongeza. Zangu ni nzuri zaidi. Kutoa ProRes naifanyia kwenye ile Mac mini, nayo ina Resolve ya bure. Inachukua muda wake na GB 8 zake, mimi nakunywa chai.

Lililonichosha upande huu ni simu. Kuna tukio ambapo mwana anaongea na mama yake kwa video, kabla hajaenda majini. Kijana wetu alijirekodi kwa simu, akanitumia WhatsApp, picha ikafika imesagwa. Nikamwambia, mdogo wangu, itume kama dokyumenti. Ikafika safi, lakini kadiri dakika zinavyokwenda midomo ikawa inachelewa nyuma ya sauti. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja, zinapunguza na kuongeza kadiri ya mwanga. Nimeipitisha kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, nikachagua fremu za mwendo usiobadilika, ikatulia. Na taa za tyubu za kule Mwaloni zilipepesa kwenye picha zetu za soko mpaka nilipopiga kwa fremu 25, shata 1/50, maana umeme wetu ni wa hezi 50.

Waya. Nilinunua HDMI ya mita 20, ya bei rahisi, nikaipitisha kwenye kenchi. Mazoezini sawa, ukumbi ukijaa picha inakatika sekunde moja na kurudi. Sasa tuna vigeuzi viwili vidogo vya Blackmagic, kimoja cha HDMI kwenda SDI, mfumo wa waya wanaoutumia watu wa televisheni, na kingine cha kurudisha, vilikuja na basi kutoka Dar. Katikati yao nimepitisha waya wa dishi, RG6, ule ule wa fundi wa king'amuzi, niliofunga vichwa vya BNC. Una omu 75, ndizo SDI inazotaka. Shilingi 430,000 kwa vyote. Mita 25 na haujawahi kukatika, na panya akiutafuna, fundi wa mtaani anao.

UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, shilingi 280,000, inashika Mac na vigeuzi. Projekta haimo, ingeimaliza kwa dakika chache. Umeme ukirudi, mashine iko pale pale kwenye ishara yake. Nunueni.

Sasa Nansio, ambako hesabu zangu zote zilipinduliwa. Tulipanda meli na mitambo yote kwenye sanduku moja la mbao, Mac mini imefungwa ndani ya kanga kama mtoto. Onyesho nje, uwanjani. Nikamwambia Mwalimu kitaalamu kabisa: tuchague usiku wa giza, usio na mwezi, picha itang'aa. Akasema wewe ndiye fundi.

Usiku usio na mwezi ndio usiku wa dagaa. Wavuvi tuliowaandikia mchezo walikuwa majini wote, na taa zao tunaziona kule kweli, nyuma ya tanga lenye picha ya taa zao. Waliobaki nchi kavu walikuwa akina mama na watoto. Na wale wadudu wadogo wa ziwani nao wanapenda kuibuka mwezi ukiwa mwandamo. Walikuja kama moshi, wakaingia kwenye mwale wa projekta, na kila mmoja akawa na kivuli kikubwa kama kunguru juu ya uso wa mama mchuuzi. Wengine waliingia kwenye kichujio cha hewa, projekta ikapandisha joto ikajizima dakika tano kabla ya mwisho. Mwigizaji wetu alimalizia kwa taa ya simu ya Mwalimu. Walilia kuliko Kirumba.

Kwa hiyo tunarudi Ukerewe mbalamwezi, wavuvi wakiwa nyumbani, na mimi nahariri upya zile picha za ziwa ziwe za alfajiri badala ya usiku, ili lumeni 3,600 zitoshe. Kichujio nimekivalisha soksi ya nailoni, nakagua joto kila nusu saa kwenye majaribio.

Ile ya lumeni 9,800 bado ninayo, na boksi lake. Kama kuna mtu anataka ya kuangalizia mpira sebuleni, taa zimezimwa, tuelewane bei.